UZI: Ali wa 1966 na Tyson wa 1988, nani alipe kahawa?

Mwana wa Kibokoni (mleta uzi)

Asalaam aleikum. Jana baada ya Isha tumeachana vibaya barazani. Maneno yalianza na bei ya samaki, sijui yakafikaje kwenye ndondi, na ilipogonga saa nne na nusu watu wazima wawili walikuwa wamesimama barabarani. Mmoja anarusha ngumi hewani. Mwingine anarudi nyuma kwa vidole vya miguu, kikombe cha kahawa mkononi, hataki kumwaga hata tone, ati ndivyo Ali angemkwepa Tyson. Muuza kahawa alibeba dele lake akahamia upande wa pili.

Mwishowe tumekubaliana: atakayeshindwa hapa analipa vikombe vyote vya jana, 15. Mimi niko na Ali. Jamaa yangu yuko na Tyson, mtamwona sasa hivi, hawezi kunyamaza. Nyinyi ndio majaji.

Masharti naweka mimi, maana bila masharti huu mjadala huwa makelele. Hatusemi Ali na Tyson hivi hivi. Kila mmoja tunamchagulia usiku wake. Ali wangu ni wa tarehe 14 Novemba 1966, Houston, siku alipomaliza Cleveland Williams kwa raundi 3. Miaka 24, sentimita 191, kilo 96 na kitu. Tyson ni wa tarehe 27 Juni 1988, Atlantic City, usiku wa Michael Spinks, sekunde 91. Bado siku tatu atimize miaka 22. Sentimita 178, kilo 99. Someni tena hapo: mfupi ndiye mzito.

Buster Douglas aliyempiga Tyson Tokyo 1990 hayumo. Larry Holmes aliyempiga Ali mchovu mwaka 1980 hayumo. Ukiwaleta nakuruka.

Konde la Likoni

Mimi ndiye jamaa mwenyewe, na kikombe alichokuwa nacho yule kilimwagika, nina mashahidi.

Watu wa Ali mwamtazama anavyocheza mkasahau kuhesabu alivyoanguka. Sonny Banks, 1962: ngumi ya kushoto ya kuzunguka, chini. Henry Cooper, Wembley, 1963: ya kushoto, chini, kengele ikamwokoa. Joe Frazier, Machi 1971, raundi ya 15: ya kushoto, miguu juu. Watu watatu, miaka tisa, ngumi ni ile ile! Kwa nini? Kwa sababu mkono wa kulia wa Ali haukai shavuni. Mikono iko kiunoni kama mtu anayengoja matatu, na ngumi ikija yeye hurudisha kichwa nyuma. Mtoto akifanya hivyo kwenye klabu yoyote ya mtaani kocha atamtafutia ufito.

Sasa mpe Tyson kosa hilo. Cooper alikuwa na kilo 84 hivi. Tyson anamzidi kwa 15, na mkono wake una kasi ambayo Cooper aliiona kwenye ndoto. Raundi ya 3. Lete kahawa.

Fundi Friji

Ali kwa pointi. Niko juu ya ngazi, nitaeleza baadaye.

Dada wa Tudor

Kaka Konde, hesabu yako ni sahihi ila umeikata katikati. Banks alisimamishwa raundi ya 4 usiku uo huo. Cooper alipasuka jicho, raundi ya 5 refa akakatiza. Frazier peke yake ndiye aliyeondoka na ushindi, na hata yeye aliona Ali anasimama kana kwamba ameteleza tu. Mtu kuangushwa ni habari moja, kubaki chini ni habari nyingine.

Halafu kuna mikono. Ukipima ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, Ali ana sentimita 198, Tyson 180. Kila anapotaka kupiga, Tyson lazima kwanza avuke, na ng'ambo kuna ngumi ya kunyoosha inamngoja. Ni kama Likoni siku feri imeharibika.

Lakini kuna jambo sijaona mtu akiligusa. Ule mtindo wa Tyson, ngumi mbili mashavuni na kichwa kinayumba kama ngalawa, hakuubuni yeye. Ni wa mwalimu wake, Cus D'Amato, na D'Amato alishatengeneza bingwa mwingine wa dunia kwa mtindo huo miaka mingi kabla: Floyd Patterson. Na Patterson alikutana na Ali, Las Vegas, tarehe 22 Novemba 1965. Ali alimchezea mpaka raundi ya 12, refa akaona inatosha.

Sasa sikilizeni. Tyson alichukua mkanda wake wa kwanza kwa kumpiga Trevor Berbick, Las Vegas hiyo hiyo, tarehe 22 Novemba 1986. Miaka 21 kamili, siku ile ile. Na Berbick ndiye mtu wa mwisho kupigana na Ali, Bahamas, 1981. Wasoma nyota kazi kwenu.

Konde la Likoni

Dada, tarehe haipigi mtu.

Patterson usiku ule mgongo ulimharibikia, dunia nzima iliona, na alikuwa na kilo 88. Kumlinganisha na Tyson ni kulinganisha tuktuk na lori la bandarini kwa vile zote zina usukani. Hata Frazier mnayependa kumtaja si kipimo. Frazier alikuwa mashine ya dizeli, huwaka taratibu, raundi ya 4 au 5 ndipo anachemka. Na alikuwa mtu wa mkono mmoja. Tyson anatoka kona ameshachemka, na mikono yote miwili inaua. Nitajieni mtu mmoja tu ambaye Ali alipigana naye aliyekuwa mfupi, mwepesi, mzito, na wa mikono miwili. Nangoja.

Dada wa Tudor

Hapo umenibana. Hayupo.

Mwana wa Kibokoni (mleta uzi)

Dada usilegee, kahawa ni yangu si yako.

Kuhusu watu wafupi nina ushahidi wa mwilini. Nilipokuwa na miaka 19 nilicheza ndondi kidogo kwenye klabu moja hapa mjini. Kilo 70, mikono mirefu, najiona Ali. Siku moja kocha akanipambanisha na mpagazi wa magunia, kimo chake kinanifika begani. Raundi ya kwanza namnyooshea kushoto, nampata kwenye paji, anakuja. Nampata tena, anakuja. Kisha akapotea. Wallahi alipotea mbele ya macho yangu. Nilichoona ni kisogo na mgongo umelowa, yuko chini ya kiwiko changu, halafu ubavu wa kulia ukafunga kama mlango. Hewa haiingii, haitoki. Kilinda meno kikanitoka mdomoni kikaangukia saruji, nikawa nakitazama kinavyobingirika, na fikra iliyonijia ni moja tu: nani atakiosha?

Ya pili alinitesa vile vile. Ya tatu nikaanza kumsikia. Anapumua kwa mdomo, kama pampu ya baiskeli iliyotoboka. Mtu anayepigana kwa kuinama na kuinuka kila sekunde anabeba mwili wake mwenyewe juu na chini muda wote, na mwili ni gunia kama gunia jingine. Ya nne ningemshinda, naapa. Ila kocha alikuwa ametupangia raundi tatu.

Ndiyo maana nikaenda kutazama waliofika na Tyson mpaka kengele ya mwisho. James Tillis na Mitch Green walifika naye raundi 10 mwaka 1986. Bonecrusher Smith na Tony Tucker raundi 12 mwaka 1987. Aliwashinda wote wanne, sikatai. Lakini hakuwamaliza. Smith alimkumbatia usiku kucha kama ndugu waliopotezana stesheni, na Tyson hakujua la kufanya na mtu anayemshika. Sasa Ali, kwa kushika shingo, ni profesa. Muulizeni George Foreman, aliyepigana naye Kinshasa.

Kijana wa Bamburi

Wazee si tuwaweke tu kwenye gemu la kompyuta wapigane wenyewe, tumalize?

Dada wa Tudor

Ilishafanywa mdogo wangu, kabla hata baba yako hajaoa. Mwaka 1969 walimchukua Ali, wakati huo kafungiwa kupigana, na Rocky Marciano, aliyestaafu 1956 bila kupoteza hata pambano moja kati ya 49. Wakawaingiza studio Miami wakapigwa picha wakipigana kiasi, vipande vya dakika moja moja, na miisho ya kila aina. Marciano alikuwa na miaka 45, akakonda kwa ajili ya kazi hiyo, akavaa na nywele za bandia, na Ali akazigonga zikavuka. Kisha kompyuta ikaulizwa nani mshindi.

Wamarekani walioneshwa Marciano akimwangusha Ali raundi ya 13. Ulaya wakaoneshwa mwisho mwingine, Ali ndiye mshindi. Kompyuta ni hiyo hiyo! Na Marciano hakuona lolote, ndege ilimuua Agosti 1969, picha ikatoka Januari 1970.

Kijana wa Bamburi

Basi hata kompyuta ilikuwa inaangalia nani ananunua tiketi 😂

Babu wa Makadara

Wanangu, nimewasoma tangu asubuhi nikanyamaza. Mwapigana na kivuli.

Lile pambano la Ali na Foreman Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974, lilipigwa saa kumi alfajiri kwa saa za kule. Kwetu hapa ilikuwa saa kumi na mbili, jua linachungulia baharini. Mimi nilikuwa kijana, zamu ya asubuhi bandarini. Habari ilitufikia katikati ya kazi, kwa mdomo, kutoka kwa mtu alosikia kwenye redio: Foreman kaanguka, raundi ya 8. Tukamwambia umekosea jina, rudi ukasikilize tena. Foreman alikuwa na mapambano 40 hajashindwa, 37 kamaliza kabla ya muda. Huyo Frazier mnayemwita dizeli, Foreman alimwangusha mara 6 ndani ya raundi 2. Nani angeamini?

Lakini tazameni Ali wa siku ile. Miaka 32. Miguu hana tena. Kaegemea kamba zilizolegea, kajifunika, anapigwa mbavu na mikono mpaka mwenziwe anachoka. Ali wa Houston hakuwahi kufanya hivyo, kwa sababu hakuwahi kuhitaji. Hakuna aliyempata akaweza kumuuliza swali lile. Sasa nyinyi mwachukua miguu ya 1966, mwaivisha kifua cha 1974, mwasema huyu ndiye Ali wa moto. Mtu huyo hakuwahi kuwepo. Kati ya miguu ile na kifua kile kuna miaka mitatu na nusu, Machi 1967 mpaka Oktoba 1970, walipomfungia kwa kukataa jeshi. Aliingia ana miaka 25, akatoka ana 28. Ali wa moto hasa ni yule ambaye hakupigana na mtu.

Na wewe Konde usicheke, wako pia wamshona viraka. D'Amato alikufa Novemba 1985, hakumwona hata akivaa mkanda. Baada ya Spinks tu, Tyson akamfukuza Kevin Rooney, mtu wa mwisho wa kona ile ya zamani. Kwa hivyo usiku uliouchagua ndio kilele na ndio mwanzo wa mteremko. Halafu ulidumu sekunde 91. Sekunde 91 zitakwambia nini kuhusu raundi ya 9?

Konde la Likoni

Shikamoo babu. Nimenyamaza dakika tano, jambo ambalo mke wangu hajawahi kuliona.

Babu wa Makadara

Marahaba mwanangu.

Mtoto wa Tanga

Majirani, mbona hamtoki Marekani? Wekeni Waafrika basi. Mimi nina moja: Philip Waruinge wenu na Azumah Nelson wa Ghana, kilo 57, kila mtu akiwa kwenye ubora wake. Na msiponijibu nitamleta Mwakinyo wetu na Robert Wangila tugombane vizuri.

Dada wa Tudor

Mwakinyo tunamheshimu, kumzima Eggington raundi ya 2 Birmingham kwao si mchezo. Lakini Wangila wa Seoul 1988, aliyempiga Mfaransa fainali kwa raundi 2 akaleta dhahabu? Muacheni Wangila apumzike. Mungu amrehemu.

Hilo la Waruinge ndilo zuri. Huyu ni mtu aliyepata shaba Mexico 1968, shaba tu, lakini kombe la Val Barker, la bondia bora wa Olimpiki nzima, akapewa yeye. Wenye dhahabu walikuwepo, wakaachwa. Fikirieni alivyokuwa anacheza. Munich 1972 akapata fedha. Kisha akaenda Japani kupigana kwa pesa, na 1976 akafika Panama kugombea mkanda wa dunia, hakuupata.

Azumah naye: Julai 1982 aliitwa New York kuziba pengo, hakuna anayemjua, mbele yake bingwa Salvador Sánchez. Alifika raundi ya 15 ndipo akasimamishwa. Sánchez akafa ajalini wiki tatu baadaye, ile marudiano haikuwahi kuja. Mwisho wa 1984 Azumah akaenda San Juan akamwangusha Wilfredo Gómez nyumbani kwake, raundi ya 11.

Babu wa Makadara

Raundi tatu, Waruinge, na haitakuwa karibu. Azumah atakuwa bado anamtafuta kengele inalia. Raundi 12, Azumah. Yule alikuwa mtu wa kukungoja uchoke.

Mtoto wa Tanga

Mzee umenipa majibu mawili kwa swali moja.

Babu wa Makadara

Kwa sababu umeuliza maswali mawili.

Dada wa Tudor

Na hapo ndipo mleta uzi katudanganya tangu mwanzo. Katupa tarehe, katupa kilo, katupa na sentimita, lakini raundi hakusema! Mwaka 1966 pambano la ubingwa ni raundi 15. Mwaka 1988 Tyson na Spinks walipangiwa 12. Katikati hapo, Novemba 1982, Duk Koo Kim wa Korea alipigwa na Ray Mancini hadi raundi ya 14, akafa siku chache baadaye, WBC, moja ya vyama vya ndondi vya dunia, ikashusha hadi 12 na wengine wakafuata. Tyson hajaonja raundi ya 13 maishani mwake. Ukimpeleka Houston unampeleka nchi asiyoijua. Ukimleta Ali Atlantic City unamnyang'anya raundi tatu ambazo ndizo chakula chake.

Sema sasa. Ni 12 au 15?

Fundi Friji

Nimeshuka ngazi. Ali kwa pointi, iwe 12 iwe 15. Narudi juu.

Mwana wa Kibokoni (mleta uzi)

Kwa kweli sikufikiria. Wacha niwe mwanamume: nampa Konde kila kitu. Ulingo mdogo, raundi 12, Atlantic City, refa asiyependa watu wa kukumbatiana.

Raundi ya 1, Tyson. Ali anazunguka kushoto, yaani anaenda moja kwa moja kwenye mkono wa kulia wa Tyson, kwa sababu ndivyo alivyozoea na Houston hakuna aliyemwadhibu. Raundi ya 2 Ali anakaa chini. Ndiyo, nimesema. Ngumi ya nne baada ya zile tatu za Konde, ya kushoto kama zote. Anasimama kwenye tano, macho yamekuwa makubwa, na kuanzia hapo hachezi tena na watazamaji. Raundi ya 3 anashika. Raundi ya 4 anashika, anamlalia shingoni, kilo 96 zote juu ya kisogo. Sasa Tyson anabeba watu wawili.

Ya 5 na ya 6 sizijui, mtu yeyote anayesema anazijua anaongopa. Tyson anaweza kuimaliza pale, ubavuni, kama nilivyomalizwa mimi.

Ya 7 unaanza kusikia ile pampu. Ngumi ya kunyoosha, ngumi ya kunyoosha, jicho la kushoto la Tyson linafumba. Anapiga moja moja badala ya tano tano. Hajafika hapa na mtu ambaye bado anasogea. Ya 12, Ali kwa pointi mbili, na nusu ya ukumbi wanazomea.

Babu, huyu ni Ali wa Houston tu. Kifua cha Kinshasa sikukigusa.

Babu wa Makadara

Ulimsimamisha kwenye tano, ukamfundisha kushika. Kifua umekigusa. Lakini nimekipenda.

Konde la Likoni

Mleta uzi amekubali kwa mkono wake mwenyewe kwamba Ali yuko chini raundi ya 2. Piga picha kabla hajafuta. Kwangu mimi Tyson akimwona mtu amekaa chini hamwachi akafika raundi ya 3, muulizeni Spinks, muulizeni Berbick aliyesimama akaanguka, akasimama akaanguka.

Ila majaji mmeshasema, babu kasema, hata mtu wa friji kasema mara mbili kutoka kwenye ngazi. Basi. Nimepita barazani jioni hii nimelipa. Vikombe 12. Tyson hupigana raundi 12, mtaalamu wenu Dada katuthibitishia. Vile 3 vilobaki ni vya enzi za Ali, avilipe mtu wa Ali.

Mwana wa Kibokoni (mleta uzi)

Yakhe huo ni wizi wa mchana.

Konde la Likoni

Nimemweleza muuza kahawa. Anasema mambo ya raundi yeye hayajui, anahesabu vikombe, na vitatu viko kwa jina lako. Halafu kuna cha 16, kile kilichomwagika.